Katekista na Wale Waliokosea

Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na kwa sauti hiyo alifundisha habari za watu waliokufa zamani sana. Akifundisha ndani ya kanisa letu dogo la Burat, mimi nikiwa shambani nakata mboga ya sukuma, nilisikia kila neno. Nadhani hata askari wa kambi ya jeshi walisikia. Siku moja nikamwambia, "Katekista, Mungu si kiziwi." Akanijibu bila kucheka, "Mungu ananisikia, Mama Kendi. Ni nyinyi nawapigia kelele."

Alizaliwa wapi na nani, hilo siandiki. Watu wa Isiolo wanapenda kuanzia hapo, wakishajua kabila lako wanafikiri wamekumaliza. Mimi nilimjua kama jirani. Kati yetu ulikuwepo ua wa miiba na hakuna kingine, na tulikaa hivyo mpaka vichwa vyetu vyote viwili vikawa vyeupe. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nimelea watoto na wajukuu kwa jembe, na mjukuu wangu mmoja leo ni nesi anayedunga watu sindano. Nikisema nilimjua mtu, nilimjua.

Kazi yake ilikuwa kuwatayarisha watu wazima wanaotaka kubatizwa. Makatekista wengine wanawaimbisha watu maswali na majibu mpaka yanatoka yenyewe kama kikohozi. Yeye pia aliwaimbisha. Lakini wakishachoka alikuwa anafunga kitabu, anakaa pembeni ya meza, mguu mmoja unaning'inia, anaanza habari za wale aliowaita "wale waliokosea".

Hao walikuwa Wakristo wa mwanzo mwanzo, wakati watu bado hawajakubaliana imani isemwe vipi. Kila kikundi kilikuwa na lake. Baadaye maaskofu walikaa, wakapima, wakasema huyu amekosea, yule amekosea, wakawatoa nje. Katekista alijua majina yao ya kigeni maana chuoni alifundishwa na mzee mmoja aliyependa mambo hayo kuliko chakula. Lakini sisi hakutusumbua nayo. Aliwapa majina yake mwenyewe, na ndiyo ninayoyajua mimi.

Kulikuwa na Wale wa Miungu Wawili. Walisema Mungu aliyeumba dunia hii ya kupe na nyoka na kiangazi hawezi kuwa Baba wa Yesu. Lazima wawe wawili, mmoja mkali wa kupiga watu, mwingine wa huruma ambaye hakuna aliyemjua mpaka Yesu akaja. Kwa hivyo wakatupa nusu ya Biblia. Katekista aliwaeleza hivi: "Mtu ameona mifugo yake yote imekufa njiani. Anampenda Mungu, hataki kumlaumu. Sasa afanye nini? Anatafuta Mungu mwingine wa kulaumiwa. Amekosea. Lakini mnaona alikuwa anatafuta nini?" Na watu ambao mizoga ya mbuzi zao ilikuwa bado inanuka nyuma ya boma waliitikia kwa vichwa.

Kulikuwa na Wale wa Manabii Wanawake. Hao niliwapenda mimi. Walikuwa na akina mama waliosimama mbele ya watu na kusema Roho anaongea kwa midomo yao, na wanaume wazima waliwafuata.

"Hao walikosea nini?" nikamuuliza juu ya ua.

"Walisema maneno yao yanapita ya mitume."

"Na wewe ulikuwepo ukayasikia, ukajua hayapiti?"

Akachukua kopo lake la maji akaenda zake. Siku ya pili akarudi kwenye ua akasema, "Maneno yao karibu yote yamepotea. Yaliyobaki ni machache." Hiyo kwake ilikuwa namna ya kukubali kwamba nimemshinda.

Kulikuwa na Wale Wasiosamehe. Wakati wa mateso Wakristo wengine waliogopa, wakatoa vitabu vitakatifu vichomwe ili wapone. Mateso yalipokwisha, hawa wakasema padri yeyote aliyetoa vitabu, ubatizo wake si kitu, na yeyote anayekaa naye ni mchafu kama yeye. Wakajitenga, wakawa na kanisa lao la watu safi. Katekista hakuwapenda hao. Aliwafundisha haraka haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Na kulikuwa na Wale wa Wimbo, waliosema Mwana ni mkubwa kuliko malaika wote lakini aliumbwa, kwamba kulikuwa na wakati hakuwepo. Hao, alisema, walitunga nyimbo za mafundisho yao, zikaimbwa na mabaharia na wasaga unga. Alituambia hayo kwenye mashine ya posho, tukiwa tumepanga ndebe zetu za mahindi. Haji alikuwepo, jirani yetu Mborana anayeuza ng'ombe, amekuja kumtafutia punda wake pumba. Haji akafurahi sana.

"Salaam aleikum, Katekista! Hao wanaosema Yesu si Mungu, si ni watu wetu hao? Mbona umewaficha siku zote?"

"Haji, hao walimwita Mwana wa Mungu mchana na usiku. Wewe ungewafukuza kabla ya maaskofu."

"Lo! Kwa hivyo hata kwetu hawana pa kulala?"

"Hawana."

"Maskini," Haji akasema, na alimaanisha. Tangu siku hiyo kila akimwona Katekista alikuwa anamuuliza, "Wageni wetu wasio na pa kulala hawajambo?" Nao wawili wanacheka mpaka wanashikana mikono.

Usidhani basi alikuwa mtu wa kila upepo. Hakuna mtu nimewahi kuona mgumu wa dini kama yeye. Sala ya Nasadiki aliisali neno kwa neno, na ukiruka neno alikurudisha mwanzo mbele ya watu. Mtoto akifanya ishara ya msalaba kama anafukuza nzi, alimshika mkono na kuupeleka mwenyewe, paji, kifua, bega, bega. Mara moja mhubiri fulani alisimamisha hema karibu na barabara ya kambi, akapaza kwenye spika kwamba Baba ndiye aliyegeuka akawa Mwana, kisha akageuka akawa Roho, kama mtu anayebadilisha shati. Katekista alikuwa anapita na punda wa maji. Akasimama nje ya hema, akaita kwa ile sauti yake ya ng'ombe, "Hilo lilishakosewa zamani! Tafuta kosa jipya!" Punda akaanza kulia, mahubiri yakaharibika.

Chakula hakukijali. Alipika githeri, mahindi na maharagwe, ya kutosha siku tatu na kuila ikiwa baridi. Mke wake alikuwa amekufa, binti yake ameolewa mbali huko Marsabit, na simu yake aliiweka juu ya kabati mahali ambapo mtandao unafika, kwa hivyo ukitaka kuongea naye ilikuwa lazima asimame. Alikuwa na shati moja la kanisa, alilifua Ijumaa. Kanisani hakupenda kucheza ngoma, alisimama wima kama nguzo ya stima, lakini akifagia uwanja wake aliimba wimbo fulani wa mdundo mzuri, na nilipomuuliza ni wimbo gani akasema ameutunga mwenyewe, akijaribu kuwaza Wale wa Wimbo waliimba vipi. "Maneno sijaweka," akaniambia. "Maneno yao ni mabaya. Ni sauti tu."

Sasa kilichomponza.

Kila alipomaliza mafundisho aliomba sala, na mwisho wa sala aliweka maneno yake: "Na uwakumbuke wale waliokosea wakikutafuta." Hakuna aliyejali. Tuliitikia amina, tukaenda nyumbani.

Kisha akaja darasani Mama Ekiru. Nyumba yake inafuata ya Katekista upande wa juu. Mwanawe Ekiru aliuawa kwa risasi siku wezi wa mifugo walipovamia malisho, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkuta. Alikuja kutaka ubatizo kwa sababu alisikia mama wa Yesu pia alisimama akaangalia. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Katekista alipofika kwa Wale wa Mwili wa Kivuli, waliosema kwamba Yesu hakuwa na mwili wa kweli, kwamba pale msalabani walisulubisha kivuli tu na yeye mwenyewe hakuumia, Mama Ekiru akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

Mimi hao siwapendi, nasema wazi. Nimezaa, najua mwili. Mungu ambaye hajawahi kuumwa na njaa nitamweleza nini kuhusu njaa? Lakini mimi sikumwokota mtoto wangu malishoni.

Siku ya mtihani wa ubatizo padri alikuja kutoka mjini. Padri kijana, mtu mzuri, amechoka, ana makanisa mengi na gari moja linalozima. Akamuuliza Mama Ekiru, "Yesu aliteswa?" Jibu linajulikana, mtoto analijua. Mama Ekiru akasema, "Hakuumia. Hakusikia kitu. Kilikuwa kivuli." Padri akarudia swali, akafikiri hakuelewa. Akasema tena, kwa sauti, na machozi yanamtoka, "Hakuumia hata kidogo. Katekista alisema wako watu waliojua hivyo."

Walibatizwa wote siku hiyo isipokuwa yeye. Yeye alingoja hadi Pasaka nyingine.

Padri hakumpigia Katekista kelele. Nilikuwa naosha vikombe, nilisikia. Alisema, "Mzee, mahali hapa kila mwezi kuna nabii mpya na hema jipya. Watu wanapeleka mbuzi wao kwa waongo. Mimi nahitaji waambiwe kitu kimoja. Waambie hao walikosea na wamepotea, na hayo maneno ya mwisho wa sala uyaache."

"Kwamba walikosea, nasema kila siku," Katekista akasema. "Kwamba wamepotea, sijui. Hakuna aliyenipeleka kuwaona walipo."

"Basi acha tu hayo maneno ya sala."

"Padri, hao watu hawana mtoto. Hawana kaburi. Vitabu vyao vilichomwa. Nikiacha mimi, ni nani Burat hii atawataja?"

Padri akaomba ufunguo wa kanisa. Katekista akautoa kwenye kamba ya shingoni akampa. Hakuna aliyefukuzwa kanisani, msielewe vibaya. Jumapili alikuja, akakaa nyuma, akasali Nasadiki kwa nguvu kuliko padri. Ila hakufundisha tena, na mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye ni fundi wa pikipiki na anapenda amri kuliko mwenye kuitoa, akaamua kivyake kwamba nyumba ya Katekista irukwe.

Jumuiya ni sisi majirani wa karibu. Kila Jumamosi alasiri tunasali kwenye nyumba moja, wiki nyingine inayofuata, tukizunguka. Mwenye zamu anatoa mabenchi nje, anaweka meza na kitambaa, mshumaa, na baada ya sala anapika chai. Tuna msalaba wetu mdogo wa mti. Unalala kwenye nyumba iliyosaliwa, na wiki ijayo mwenye nyumba hiyo anaubeba mwenyewe, anatangulia, sisi tunafuata nyuma hadi kwa mwenye zamu mpya. Kwa Mama Ekiru, kisha kwa Katekista, kisha kwangu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mwenyekiti akamwambia mbele yetu, "Siku utakayoacha hayo maneno, tutakuja."

"Siku mtakayokuja," Katekista akasema, "mtayakuta."

Walipotaka kutoka kwa Mama Ekiru waje moja kwa moja kwangu, nilisimama mlangoni na mwiko. "Kwangu hamtakula zamu ya mtu. Zamu yangu ni Jumamosi ijayo. Leo nina kazi." Mwenyekiti akaniita mkaidi. Nikamwambia ukaidi wangu umesomesha nesi, wake umefanya nini? Basi wakawa wanaturuka sote wawili Jumamosi hiyo, wanakwenda nyumba ya mbele, ile inayofuata yangu, na mimi narudishiwa wiki inayofuata.

Na Katekista? Zamu yake ikifika, alitoa mabenchi. Kila mara. Aliyapanguza, akayapanga kama meno, akatandika kitambaa, akasimamisha mshumaa. Alinunua sukari na kuijaza kwenye mkebe wa majani ya chai, kwa sababu alijua watu wetu wanavyopenda sukari. Akavaa shati la Ijumaa akakaa kwenye kiti chake, akiangalia njia. Kutoka nyumba ya mbele tulisikia wimbo ukianza. Naye aliusikia. Jua likiinama alirudisha mabenchi ndani, moja moja. Hakubali kusaidiwa.

Mimi nilikuwa navuka ua, nakaa kwenye benchi la mbele. Alinipa chai. Lakini mshumaa hakuwasha.

"Washa basi," nikamwambia. "Bwana alisema wawili au watatu."

"Alisema wakikusanyika. Wewe umepita tu ukienda kumwagilia sukuma."

"Jembe nimeacha nyumbani!"

"Kunywa chai, Mama Kendi."

Alitaka jumuiya. Hakutaka huruma yangu. Ile sukari ilibaki mpaka ikashikana ikawa jiwe, na mwishowe akawa anawavunjia wajukuu wangu vipande. Mshumaa ni ule ule, utambi mweupe, nta imekuwa njano kwa vumbi. Sikuwahi kuona kitu cha upweke kama mshumaa mzee ambao haujawahi kuwaka.

Siku moja nilimwambia ukweli wangu. "Umewahi kufikiri kwamba mwenyekiti na wenzake ndio Wale Wasiosamehe?" Nilidhani atafurahi. Alikasirika. "Usiwaseme hivyo. Hao ni jumuiya yangu." Halafu akaongeza, "Na hao pia walikuwa wanamtafuta. Wasiosamehe. Nilikuwa nawapita haraka. Haikuwa haki."

Alipoanza kuugua, alipungua kama sabuni. Maji yalijaa miguuni, usingizi ukawa haumwachi, akawa analala hata akiongea. Nesi wangu alikuja kumwona akasema moyo umechoka. Zamu yake ilipokaribia akaniambia, "Mabenchi utanitolea wewe." Hapo ndipo nilijua amefika mbali, kwa sababu mabenchi hakuwa amewahi kumwachia mtu.

Jumamosi ile nilitoa mabenchi. Nikamtoa na yeye, nikamkalisha kwenye kiti chake na blanketi miguuni, uso wake upande wa njia. Sukari nikaijaza kwenye ule mkebe. Kufikia alasiri alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Na nikawaona wakitoka kwa Mama Ekiru, msalaba mbele. Mama Ekiru ndiye aliyeubeba, amejifunga lesso mpya. Mwenyekiti yuko nyuma yake akinyoosha kidole kuelekea nyumba ya mbele. Walipofika kwenye lango la Katekista, Mama Ekiru hakupunguza mwendo wala kuongeza. Aligeuka tu, akaingia.

"Mama, si hapa!" mwenyekiti akaita.

"Zamu ni hapa," akasema, bila kugeuka. Akauweka msalaba kwenye kitambaa.

Sasa watafanya nini? Mahali msalaba ulipo ndipo jumuiya ilipo. Walisimama njiani wakiangaliana, kisha mmoja akaingia, kisha wengine, na mwisho mwenyekiti, amevua kofia, anatafuta benchi la nyuma. Mama Ekiru akawasha mshumaa. Uligoma kwanza, ukapukutisha vumbi, ukashika.

Nilimtikisa Katekista. Nilimwita kwenye sikio. Alifungua macho kidogo, akaangalia watu kama anaangalia mvua, akalala tena. Wakaimba, akalala. Wakasoma Injili, akalala. Kwenye maombi kila mtu akasema lake, mvua, mitihani ya watoto, wagonjwa. Ikafika kwangu. Nikasimama.

"Tuwaombee wale waliokosea wakimtafuta. Ee Bwana."

Niliona mwenyekiti anaangalia viatu vyake. Mama Ekiru akasema peke yake, "Twakuomba utusikie." Nusu ya watu wakamfuata, na mwenyekiti akawa amefungua mdomo pamoja nao, nadhani kwa mazoea tu, maana alionekana kushangaa.

Walikunywa chai haraka, wakamgusa bega mmoja mmoja, wakaenda. Mama Ekiru aliosha vikombe akaondoka wa mwisho. Msalaba aliuacha mezani.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Katekista alipoamka. Akaangalia mabenchi matupu, akavuta pumzi. "Basi, rudisha ndani."

"Walikuja," nikamwambia.

"Mama Kendi."

"Walikuja wote. Msalaba si ule mezani?"

"Umeenda kuuomba kwa Mama Ekiru. Wewe ni mtu mzuri."

"Mshumaa umewaka, angalia utambi."

"Kiberiti unacho."

"Na maneno yako nimeyasema."

Akanigeukia. "Vizuri?"

"Kukupita wewe. Wakaitikia."

Alitaka kuniamini, niliona alivyotaka. Lakini alikuwa amekaa Jumamosi nyingi mno kwenye kiti kile, na mimi amenijua, anajua naweza kudanganya kwa ajili ya mtu ninayempenda. Akafumba macho. Nikafikiri amelala. Kisha akauliza taratibu, bila kuyafumbua:

"Sukari ilitosha?"

"Haikutosha," nikasema. "Wa mwisho wamekunywa bila."

Akafungua macho. Akanyoosha mkono, nikampa mkebe. Akaufungua, akachungulia, akaupindua juu ya kiganja chake akaupiga kitako kwa kidole, kama anavyofanya mtu asiyeamini. Hakukuanguka hata chembe.

Akaushika hivyo hivyo, umepinduka, mapajani kwake, akiangalia njia.